Bundi Kando ya Kitanda

Nilimtunza mzee mmoja nyumbani kwake Umm Salal kwa miaka mitatu, na mwaka wa mwisho nilimdanganya kila asubuhi.

Kando ya kitanda chake, juu ya kitambaa cha kijani, palikuwa na sarafu ya fedha ya mji wa Athene wa kale. Ilikuwa nene, wala haikuwa duara sawasawa. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mungu wao wa kike, amevaa kofia ya vita. Upande wa pili alikuwepo bundi, macho yamemtoka, na mkato mrefu mgongoni. Mzee alitaka bundi akae juu.

Kwetu Kenya bundi akitua kwenye paa, watu huanza kuulizana nani mgonjwa. Humu mgonjwa alikuwa anajulikana. Basi kila nikifuta vumbi nilimlaza bundi kifudifudi, naye mzee akamgeuza tena.

"Huyu halii, binti," aliniambia kwa Kiarabu, polepole ili nielewe.

"Asiyelia ndiye mbaya zaidi, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha kisukari kikamla macho. Dawa ya matone niliyokuwa nikiifuata kwenye duka la dawa la Al Sadd haikufua dafu. Tangu hapo aliniuliza kila asubuhi, "Yuko juu?"

"Yuko juu, Baba."

Kwa kweli alikuwa chini. Nilitaka aishi, basi. Nilimpenda yule mzee. Baba yangu mwenyewe alizikwa mimi nikiwa huku. Mzee alikuwa akinyoosha mkono, akiipapasa sarafu kidogo, akisema "Shukran," kisha tunakunywa chai.

Alifariki Jumanne alasiri. Bundi alikuwa chini.

Matanga yalipokwisha, binti yake aliniita chumbani. Aliigeuza sarafu, akashika kidole changu na kukipitisha kwenye ule mkato.

"Wafanyabiashara wa zamani waliikata kwa patasi," alisema, "wajue kama ni fedha mpaka ndani. Upande wa pili hauna mkato. Baba alikuwa akijua kwa kidole."

Nilikipitisha kidole tena, peke yangu.

"Alitukataza tusikuambie. Alisema, 'Mwacheni, anaogopa nitakufa.'"

Nikazikumbuka shukran zake zote, na aibu ikanishika pamoja na kilio. Nikairudisha sarafu kitambaani, bundi juu, kama alivyotaka siku zote. Chumbani hamkuwa na mgonjwa tena.