Paa wa Godoro

Sikwenda China kuwinda. Nilikwenda kutafuta kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, na nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu hapa Singida zimeshasambaa habari nyingine.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikauza mitumba, nikalea wadogo zangu watatu. Anayenifuata, Zuhura, ana chumba cha ushonaji karibu na soko, na sote tunakula kutokana na cherehani zake. Mwaka huu alipata kazi ya kushona sketi za shule moja ya wasichana. Alipofika nusu, kitambaa kikaisha. Tukaagiza kingine Dar es Salaam, na ndani ya nyumba kilionekana sawa kabisa. Mwalimu mkuu alizitoa sketi mbili nje, akazibandika ukutani kwenye jua, akazitazama.

"Hii ni damu ya mzee," alisema. "Na hii ni damu ya mgonjwa."

Akatuambia tusipopata rangi ile ile kabla shule hazijafunguliwa, kazi itakwenda kwa fundi mwingine, na sketi zilizokwisha kushonwa tutazivaa wenyewe. Zuhura hakulia. Alikwenda kufunika cherehani moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunika maiti. Nikakata kipande cha masalio ya kitambaa cha kwanza, nikakitia kwenye pochi, nikaanza kutafuta viza.

Xiaobei, asubuhi. Huu ndio mtaa wa Waafrika katika jiji la Guangzhou: maghorofa ya jumla, hoteli za bei nafuu, na wakala wa mizigo kila mlango. Wakala wangu anaitwa Shamte, Mzanzibari aliyekaa huko mpaka Wachina wenyewe wanamuuliza njia. Alinipokea kwa chai ya maziwa na habari mbaya. Kitambaa kipo, kimebaki kwa mwenye duka mmoja tu, lakini amekwisha kumwekea mteja wa Kongo.

"Usitie shaka, dada Mwanaidi," alisema. "Nimeshakutengenezea njia. Huyu laoban anapenda kuwinda kwa upinde kuliko anavyopenda watoto wake. Nimemwambia na wewe ni mwindaji."

Laoban ni bosi. Huko kila mwenye duka anaitwa hivyo, hata kama duka ni meza.

"Shamte, mimi na upinde wapi na wapi? Nyama nanunua buchani, kama wewe."

"Wewe si mtu wa Singida? Mimi naijua bara."

"Umewahi kufika?"

"Nimeiona kwenye televisheni."

Kwa Shamte, aliyezaliwa Malindi ya Unguja, mtu yeyote anayeishi ng'ambo ya Chalinze anakula alichokipiga mshale.

Zhongda, mchana. Soko la vitambaa ni kubwa kiasi kwamba nilidhani tumeingia mji mwingine. Laoban alitukaribisha kwa chai ya vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea. Alichungulia nyuma yangu akimtafuta mwindaji. Shamte akanionyesha mimi. Yule bwana alinitazama kuanzia ushungi hadi ndala, halafu uso wake ukawaka. Kumbe kule hata wanawake!

Nilikuwa nimeshakiona. Jora lilikuwa rafu ya juu, nyuma ya kichwa chake, na nililijua kabla sijaligusa. Nikatoa kile kipande kwenye pochi. Laoban akakisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akanimiminia chai nyingine.

"Hauzi bado," Shamte alinong'ona. "Laoban wa namna hii hamuuzii mtu ambaye hajakaa naye. Wengine wanakukalisha mezani, wengine kwenye karaoke. Huyu anakukalisha msituni."

Jumamosi, njiani. Tulielekea kaskazini mwa jiji, laoban, marafiki zake wawili, Shamte na mimi, mpaka maghorofa yakapungua na vilima vikaanza. Wenyeji wangu walikuwa wamevaa nguo zenye michoro ya majani toka kofia hadi soksi. Upinde wa laoban ulikuwa na magurudumu, nyaya na darubini. Ungeongezewa kiti, mtu angeupanda kwenda sokoni. Mimi nilipewa koti la majani nivae juu ya gauni. Nililikagua kwapani. Mshono ulikuwa wa haraka.

Langoni. Niliambiwa ni msitu wa umma, nikategemea pori. Nikakuta akina mama wakifanya mazoezi kwa muziki, watoto wenye aiskrimu, na kipaza sauti juu ya mti kikikataza kutupa taka. Tukakata tiketi. Kisha kila mmoja akapewa kizibao cha rangi ya chungwa kwa ajili ya usalama. Basi tukaingia msituni tukiwa tumevaa nguo za kujificha, na juu yake nguo za kuonekana.

Ndani ya msitu. Laoban aliweka kidole mdomoni. Akarusha unga mweupe hewani kupima upepo. Akainama, marafiki wakainama, Shamte akainama na kitambi chake, nami nikainama kwa adabu. Tulitambaa kwenye njia ya saruji mpaka kwenye kichaka, na nyuma yake nikamwona paa. Alikuwa wa kahawia, pembe zimechanua kama matawi, mguu mmoja umezungushiwa utepe wa gundi. Harufu yake ya sponji niliitambua mara moja.

"Shamte, hili ni godoro."

"Nyamaza, dada. Huyo ni paa."

"Sasa upepo unapimwa wa nini? Godoro lina pua?"

"Wallahi utanivunjia heshima. Piga, mgeni ndiye anayeanza."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mshale ulidondoka karibu na kidole changu cha mguu. Shamte akasema maneno mengi ya Kichina, na wale mabwana watatu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba kwenu mshale wa kwanza ni sadaka ya ardhi."

Wa pili ukaingia kichakani.

"Na huo?"

"Wa mababu."

"Babu yangu alifuga mbuzi, Shamte."

"Basi wa mbuzi. Piga tu."

Laoban naye alipiga, akakosa, wakampigia makofi. Tukatambaa kwenda kwa godoro jingine, na jingine. Kufika adhuhuri alikuwa hajapata hata moja, miwani yake imejaa ukungu wa jasho, na hasira imeanza kumpanda. Niliona wazi kwamba jora langu linategemea mtu huyu kupiga kitu chochote.

Ndipo tukafika kwenye kijito. Ng'ambo yake alisimama paa mwingine, mdogo, bila pembe. Laoban akavuta upinde. Kanuni ni kwamba bosi akivuta, hakuna anayekohoa. Nami nilikuwa tayari kumwombea apate, mpaka nilipoona sikio la yule paa likicheza kufukuza nzi.

Godoro halifukuzi nzi.

Kuhusu uwindaji sijui kitu. Lakini kwetu mnyama anayesimama karibu na watu bila kukimbia ni wa watu, na ukimuua utashinda ofisi ya kijiji ukijieleza. Kichina changu kilikuwa cha kuomba punguzo tu. Nikafanya ninachofanya mbuzi wakiingia kwenye mahindi. Nikapiga makofi, nikapiga kelele: "Shii! Toka! Wa watu huyo!"

Paa akaruka, akapotea. Mshale ukazama kwenye tope pale pale alipokuwa. Laoban akageuka taratibu, na uso wake ulikuwa rangi ile ile niliyoifuata China.

"Umetumaliza, dada," Shamte alisema. "Umefukuza paa, umefukuza na kitambaa."

Mlinzi wa msitu alikuja mbio kwa ajili ya zile kelele. Akatazama nyayo, akautazama mshale kwenye tope, akaanza kufoka. Shamte alinitafsiria kwa sauti ya chini: paa hai wa msitu huu wanalindwa na sheria, anayempiga anakwenda jela, na upinde wake unakwenda naye.  Laoban akatoa kifua mbele, akaninyooshea kidole, akazungumza kirefu.

"Anasema nini?"

"Anasema yeye ndiye aliyemtambua paa hai, akakuamuru umfukuze, na mshale ulimponyoka kwa mshtuko wa sauti yako."

Jioni, hotelini.  Mezani, laoban alisimulia mkasa mara tatu, na kila mara macho yake ya kumtambua paa yalizidi kuwa makali. Mara ya tatu rafiki yake mmoja, aliyekwisha kunywa bia za kutosha, akanigeukia na kuuliza kupitia Shamte: nani hasa alimwona paa kwanza, yeye au wewe?

Vijiti vya kulia vikasimama. Laoban akawa anazungusha kikombe chake bila kunitazama. Nikisema mimi, nitarudi Singida na kile kipande tu kwenye pochi, na Zuhura hatafunua tena zile cherehani. Nikisema yeye, itakuwa ni uongo, na wadogo zangu niliwachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Mwambie," nilisema, "paa ndiye aliyetuona wa kwanza."

Shamte alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, alitafsiri bila kuongeza kitu. Laoban akapiga meza kwa kiganja, akacheka mpaka akavua miwani, akaniwekea kichwa cha samaki kwenye sahani yangu. Huko hiyo ni heshima kubwa, na nilikila chote.

Zhongda tena. Jora lilikuwa mezani kabla ya chai. Nililibeba mwenyewe hadi mlangoni, nikaweka kile kipande juu yake kwenye jua. Kilipotea. Sikuona kinapoanzia wala kinapoishia. Mteja wa Kongo, Shamte aliniambia, ameshaelezwa kwamba rangi ile haina bahati. Laoban akanipa pia picha kubwa yenye fremu, iliyopigwa kule msituni: mimi na koti la majani, nimeshika pembe za godoro. Nakala yake imetundikwa dukani, na Shamte anasema Mtanzania akiingia pale sasa anaulizwa upinde wake uko wapi.

Singida. Nilichojifunza safarini si kingi. Mfanyabiashara anaweza kukuuzia kitambaa, lakini kwanza atataka umsaidie kuwa mtu anayejidhania. Msaidie inapowezekana. Ila mnyama akichezesha sikio, piga kelele.

Picha Zuhura ameitundika juu ya cherehani, na kila mteja anaambiwa Da Mkubwa alimwangusha paa huyo kwa mshale mmoja. Nikisema ni godoro, wanasifu unyenyekevu wangu.

Mwalimu mkuu alikuja wiki iliyopita. Alizitoa sketi mbili nje, akazibandika ukutani, akakaa juani muda mrefu huku Zuhura akishika kanga yangu kama alivyoishika tukiwa watoto.

"Damu ya mzee," alisema. Akahamisha kidole. "Na hii, damu ya mzee."

Aliporudi ndani akaitazama picha.

"Ni godoro, mwalimu," nilisema haraka.

"Nimeona," alijibu. "Mguu umezungushiwa utepe wa gundi."