Jumapili Ilikuwa Mbali

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na kama ungeniuliza zamani namjua Mungu kiasi gani, ningekushangaa, kisha ningekuonyesha daftari. Ndani yake zilikuwamo kaya zote za mtaa wetu, kuanzia barabara ya lami hadi karibu na msitu: nani amebatizwa, nani amepata kipaimara, nani amefunga ndoa, nani anaishi na mtu bila ndoa. Hao wa mwisho ndio waliokuwa kazi yangu hasa. Huku kwetu mlimani, Mlutheri anayeishi hivyo hutengwa. Haruhusiwi kula Chakula cha Bwana mpaka arudi kundini, yaani asimame mbele ya usharika siku ya Jumapili, aungame, asamehewe. Majina niliyapeleka mimi kwa mchungaji, na sikuwahi kukosea hata moja.

Siku moja nilipeleka jina la mwanangu.

Alikuwa ameshuka tambarare, Mabogini, kukodi majaruba ya mpunga, kwa sababu kihamba chetu, shamba la ukoo, ni kidogo na kahawa yenyewe ilishatuchosha. Huko akaanza kuishi na mwanamke anayeuza ndizi sokoni Kiboriloni, wakapata mtoto wa kike. Kila nilipomwambia afunge ndoa alinijibu, "Baba, tukivuna." Walivuna mara nne. Basi kwenye baraza la wazee nikanyoosha mkono, nikamtaja kwa sauti, wenzangu wakitazama meza. Baadaye mmoja alinishika bega akasema mimi sina upendeleo. Nilirudi nyumbani na sifa hizo, nikala vizuri, nikalala.

Miaka miwili baadaye mwanangu aliletwa nyumbani akiwa ngozi na mifupa. Ini lilikuwa limekwisha, na hospitali walisema akapumzike tu kwao. Yule mwanamke alikuja naye, mtoto mgongoni. Akanisalimu, "Shikamoo baba," nikaitikia marahaba huku nikiangalia ng'ombe. Ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemlisha mtori wa ndizi kijiko kwa kijiko, na mimi nilikuwa najiuliza watalala chumba kimoja au viwili ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Jumanne asubuhi mwanangu aliniita.

"Baba, niitie mchungaji. Nataka kula Chakula cha Bwana."

Mchungaji huwaendea wagonjwa nyumbani na kisanduku chake cha mkate na divai, na kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kwenda kumwita naye akafika kabla jua halijawa kali. Badala yake nikamwambia, "Mwanangu, utaratibu unaujua. Jumapili tutakubeba mpaka kanisani, usimame na wenzako, kisha utakula."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kusimama, baba? Mimi hata chooni nabebwa."

"Basi utakaa kwenye kiti. Nitaongea na mchungaji."

Angebisha ningekuwa na cha kumjibu, maana kubishana ni fani yangu. Hakubisha. Alisema tu, "Basi niombee wewe."

Nikasimama, nikafumba macho, nikaanza kama nilivyozoea. Nikamshukuru Mungu kwa siku mpya, nikaiombea serikali, nikamwombea askofu, nikawaombea wachungaji, wanakwaya, mafundi wa jengo jipya, wasafiri, wajane, nikaomba na mvua za masika. Mimi nasifika kwa maombi marefu. Nilipolifikia jina la mwanangu nilifumbua jicho kidogo, nikakuta ameshalala. Nikamalizia hivyo hivyo, nikasema amina peke yangu.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa mchungaji kuandikisha jina lake kwenye orodha ya wanaorudi kundini. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Mwanangu anarudi, na ni mimi nimemrudisha. Nililiandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Nilipofika kwenye mfereji karibu na nyumbani nikamsikia mke wangu akilia, nikajua. Mwanangu alikuwa amekata roho wakati mimi nimeshika kalamu.

Aliyekufa akiwa ametengwa, usharika wetu haumpeleki kanisani. Kengele haipigwi, kwaya haiji na majoho. Mwinjilisti anasoma neno fupi nyumbani, basi. Mimi mwenyewe nimewatangazia wengine hayo, wakiwa wamesimama uani kwao wanalia. Mchungaji alinivuta pembeni akasema, "Mzee, kwako tunaweza kulegeza." Nikakataa. Nilisema siwezi kupokea nilichowanyima wenzangu, na mpaka leo sijui kama ilikuwa haki au kiburi. Tulimzika kwenye migomba. Yule mwanamke alianza wimbo peke yake, akaimba ubeti mzima ndipo mke wangu akampokea.

Baada ya hapo maombi yalinikauka. Nikisimama kwenye ibada ya jumuiya maneno yalikuja yenyewe, yamenyooka, watu wakaitikia amina, na mimi nilijua sikuwa nasema na yeyote. Nilijiona kama mlinzi aliyefukuza watu getini miaka na miaka, na mwenye nyumba hajawahi kuketi naye hata siku moja. Iliniuma sana. Nilikuwa najua nani aingie na nani asiingie. Yeye mwenyewe sikumjua.

Asubuhi moja nilikuwa zizini, nimemwekea ng'ombe majani, nikaketi juu ya ndoo. Nikasema kwa sauti, "Nimekukasirikia." Sikuanza na serikali wala askofu. Nikasema, "Mtoto wangu alikuita. Mlango niliuziba mimi, sawa. Kwa nini hukupita dirishani?" Nikalia mpaka ng'ombe akaacha kula akanigeukia. Sikusikia jibu lolote. Lakini sikuona tena kwamba nasema na ukuta, maana mtu hawezi kukasirikia ukuta kiasi kile. Kesho yake nikarudi tukaendelea.

Miezi ikapita. Jumapili moja wanaorudi kundini walipoitwa mbele, walitoka wasichana wawili wenye watoto na kijana mmoja dereva wa bodaboda. Nikaondoka kwenye benchi la wazee, nikaenda kusimama nao. Mchungaji aliniinamia akaninong'oneza, "Mzee, umefanya nini?"

"Mwanangu alitaka kula na Bwana Jumanne," nikamwambia. "Nikamwambia angoje Jumapili."

Akaitazama karatasi yake ya majina, kisha akaikunja. Akaniwekea mkono kichwani kama wale wengine. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti, nikapewa mkate, nikala. Mimi nimekula, na mwanangu hakula.

Kila asubuhi, kabla sijamshukuru kwa lolote, namwuliza Mungu kama mwanangu naye amempa mkate ule. Hajanijibu. Mchungaji angenipa jibu zuri sana, tena na mistari yake. Silitaki. Nataka aniambie Yeye.