Sufuria ya Kambare

Juzi, katika hoteli moja hapa Garsen, nilimkuta ami yangu akifyonza kichwa cha kambare, mchuzi ukimchuruzika hadi kiwikoni. Damu ilinichemka.

Miaka mingi nyuma, ukame ulipomaliza ng'ombe wetu, jirani yetu, mvuvi wa Kipokomo, alituletea sufuria ya kambare, ikinukia nazi na ndimu. Ami aliimwaga mchangani. "Sisi wafugaji hatuli nyoka wa mtoni!" alifoka.

Mdogo wangu Halima alichota ule mchanga, akaulamba. Mimi, kwa utoto wangu, nilidhani ni sumu. Nikamfuta ulimi kwa nguvu hadi akalia, na usiku tukalala njaa.

Sasa ami alinivutia kiti. "Kaa ule, mwanangu. Kambare ni mtamu sana."

"Mwambie Halima," nikamjibu.