Mkono Aliouficha Mama

Miaka ya tisini, tumbo la mama lilivimba, na daktari wa huku Migori akasema tutafute daktari bingwa. Nikampeleka kutoka kwetu Kegonga hadi hospitali kubwa ya chuo kikuu.

Asubuhi ya pili bingwa alikuja kitandani na wanafunzi tisa. Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua kwamba mgeni akikujia, unamsalimia. Akamnyoshea wa kwanza mkono. Kijana akaushika, akaugeuza, akakagua kucha, akauachilia. Hata kuitikia salamu, wapi! Mama aliwanyoshea wote tisa, na wote tisa wakakagua kucha na kulibonyeza tumbo lake kama watu wanaochagua parachichi sokoni. Adabu gani hiyo? Hata mchuuzi wa ng'ombe kwetu humjulia hali mwenye mali kabla ya kumgusa mnyama.

Kisha bingwa akatoa karatasi ya kukubali kuingizwa katika utafiti wa dawa mpya, akaniambia, "Mwambie aweke kidole hapa."

Nikamtafsiria mama. Akauingiza mkono chini ya blanketi.

"Waambie nimewapa mkono huu mara tisa," akasema, "na hakuna aliyeupokea."