Bunduki Aliyoichagua Masika

Masika alikuwa mlinzi wa magari yanayobeba fedha za madukani, na kufikia mwaka 2018 kazi hiyo ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Alizaliwa Butembo, akaja Johannesburg akiwa msichana, akapata uraia, akaolewa na Placide, fundi cherehani wa Turffontein. Kanisani watu walishangaa kusikia mwanamke Mkongo anashinda na fulana ya kuzuia risasi kifuani. Yeye hakuona la ajabu. Fulana ilikuwa nzito, viatu vilibana, basi.

Mwaka ule wezi walikuwa wakivamia magari ya fedha hata mchana kweupe. Siku moja, kwenye mazoezi ya shabaha, bunduki ya Masika ilikwama. Akaisafisha, akapiga tena, ikakwama tena. Fundi wa silaha wa kampuni, mzee aitwaye Bheki, akaifungua mezani. Nusu ya chini, yenye kifyatuo, ilikuwa nzima. Iliyochakaa ni nusu ya juu, ile inayoshika mtutu, ambamo bolti huenda na kurudi kila risasi inapotoka. Pale kazini waliiita apa.

"Eish, hii imekufa," Bheki akasema. "Bosi amekubali tununue apa mpya. Lakini wewe ndiye unayeibeba, mama. Nenda ukachague, na kaliba yake pia, ukubwa wa risasi. Usitazame rangi. Tazama kama mtutu umekaa imara, na bolti ipite bila kukwaruza."

Masika angefurahi zaidi kama angeambiwa akalale.

Akaenda na Duni, dereva wao, mtu wa Tanga asiyeishiwa maneno. Duka la silaha lilikuwa na uwanja wake wa kupigia nyuma. Muuzaji akawawekea apa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na inang'aa. Masika akavuta bolti, akasikia mkwaruzo, kama mchanga kwenye wali. Akaushika mtutu, ukacheza kidogo. Akaiweka chini. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, haina urembo, na bolti yake ilipita kimya.

"Bega langu litalalamika," alimwambia Duni, "lakini ni hii."

Ikabaki kaliba. Apa ile ilipatikana kwa risasi ndogo yenye mbio, waliyoizoea kazini, na kwa risasi nene, nzito. Muuzaji aliisifu ile nene.

"Dada, chukua hiyo hiyo!" Duni akadakia. "Wale jamaa wanakuja na bunduki za vita. Wewe utawajibu kwa punje za mtama?"

"Duni, kila asubuhi gari letu linasimama wapi?"

"Marshalltown."

"Na nyuma ya mwizi huwa kuna nani?"

Duni alipajua pale. Kule wachuuzi wamejaa njia nzima, na watu wa maofisini wanapita kati yao.

Masika akazijaribu zote mbili. Nene ilimpiga teke begani, na risasi ya pili ikaenda pembeni kabisa. Ndogo zikatua karibu karibu kwenye karatasi. Tena magazini zao za zamani, zile za kujazia risasi, ziliifaa.

"Hata hiyo ndogo inampenya mtu na kutokea upande wa pili," muuzaji akamwonya.

"Najua. Ndiyo maana nataka iende ninakoielekeza."

Jioni, mezani, Placide alimwuliza kama amepata.

"Nimepata. Nzuri. Haikwami."

"Mbona uso wako si wa mtu aliyepata kitu kizuri? Ukinunua hata sufuria unacheka."

"Sufuria nitaipikia," Masika akajibu. "Hii naomba nisiitumie. Niko nachoka, Placide."

Akasukuma sahani ya sombe, kisamvu cha kwao Kongo, kando bila kuimaliza.

Miezi ilipita bila tukio. Kisha, asubuhi moja ya baridi, walisimama Marshalltown kama kawaida. Mwenzao Théodore alitoka dukani na sanduku la fedha. Wanaume wawili wakachomoka katikati ya watu. Mmoja akamkaba Théodore shingoni na kumwekea bastola sikioni. Masika alikuwa ameshainua bunduki. Ilikaa begani vizuri, shabaha ilikuwa pale pale alipoitaka. Lakini nyuma ya wale wanaume mwanamke alikuwa ameinamia ndizi zake, na nyuma ya mwanamke watu walikuwa wanangoja robot, taa za barabarani, iwaruhusu kuvuka.

"Théodore," akaita, "wape."

Théodore akaachia sanduku. Wakakimbia, umati ukawameza. Hakuna aliyeumia.

Ofisini meneja hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Bunduki uliichagua mwenyewe. Mbona hukuitumia?"

"Nyuma yao kulikuwa na watu."

"Hukupata nafasi hata kidogo?"

"Nilipata ya kumpiga mwizi. Ya kuwakosa wengine sikuipata."

Wakamtoa kwenye magari, wakamweka langoni mwa bohari, bila bunduki. Bunduki ikapewa mlinzi mwingine. Duni alikasirika kwa niaba yake. "Wamekuonea, dada!" alisema kila alipopita na gari. Masika alimfungulia lango, akalifunga. Hakujiona mshindi, wala hakuona aibu. Alitaka tu kukaa kwenye kiti.

Jumapili moja Théodore alikuja nyumbani kwao Turffontein na mkewe, Benita, wakiwa na kuku hai aliyefungwa miguu. Théodore alikaa kwenye kochi akizungusha kofia mikononi. Mwishowe Benita akasema kwa niaba yake: "Mama Masika, mume wangu alirudi nyumbani siku ile. Asante."

"Asante kwa kuku," Masika akajibu.

Kuku akachinjwa, wanawake wakamnyonyoa pamoja jikoni, Placide akasonga bugali. Chakula kilipowekwa mezani, wageni waliwahi kula matonge machache tu kabla ya kumwona Masika amelala kwenye kiti, kichwa ukutani. Benita akataka kumwamsha.

"Mwache," Placide akasema kwa sauti ya chini, na kumsogezea Théodore bakuli la mchuzi.