Chemba ya Shambani kwa Baba Mkwe

Ipo siku moja ya ukungu inayonirudia kila mvua ikinyesha hapa Tukuyu, mwanangu, na kwa kuwa hapa hunyesha karibu kila siku, ujue sijapumzika sana. Nilikuwa mke mgeni, miezi mitatu tu tangu niolewe Ibighi, na fundi wa mji niliyebaki peke yangu baada ya wenzangu kupunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kufurika sokoni, na kila mwenye cheti alijiona anaijua dunia. Mimi cheti nilikuwa nacho.

Nilipewa kazi ya kukagua hali ya mabomba ya majitaka. Yalikuwa ya udongo wa kuchoma, yamelazwa enzi za Mwingereza, na waliokumbuka yanapita wapi walikuwa wachache. Tulifunua chemba moja, lile shimo la kukagulia bomba, tukafunua na ya pili, kisha mzee Ambakisye, kibarua wangu, akateremsha tochi kule juu nami nikateremsha kioo huku chini. Ukiuona mwanga umekaa duara kamili kwenye kioo, bomba limenyooka na ni zima. Ukiuona umelika pembeni, kuna jambo. Niliupenda sana ule mwanga. Ulikuwa kama mwezi uliozama ardhini, na kuna siku niliutazama mpaka nikasahau harufu.

Basi tukafika kwenye chemba iliyokuwa katikati ya migomba ya baba mkwe wangu. Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe sebule moja mkigombania rimoti. Kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Ukisikia kikohozi chake unachepuka njia, na uso wake huujui. Mimi wangu nilimjua kwa mgongo, na kwa koti refu la kaki alilovaa hata jua likiwaka. Asubuhi ile nililiona koti hilo ndani ya ukungu, limeinama, linapalilia.

"Na hii, fundi?" mzee Ambakisye aliuliza.

"Tuiache. Siwezi kuingia humo, unajua mwenyewe. Vipande vya juu vizuri, vya chini vizuri, hata hiki kitakuwa kizuri."

"Haya. Mwenye cheti ni wewe."

Nikaandika kwenye fomu: zima. Mvua ilikuwa inaanza, na nyumbani nilikuwa nimebandika maharage. Ndiyo, mwanangu, maharage. Usicheke.

Chini ya shamba lile palikuwa na chemchemi ndogo ambayo ukoo mzima ulichota. Hazikupita wiki nyingi, Tusekile, mtoto wa wifi yangu, binti wa miaka minne aliyezoea kusinzia mgongoni mwangu nikipika, akaanza kuhara. Alihara mpaka macho yakaingia ndani. Hospitalini muuguzi alituuliza, "Maji mnachota wapi?" Wifi akamjibu. Mimi nikakaa sakafuni. Methali ya ufa na ukuta niliijua tangu shule, lakini siku ile ndiyo niliielewa.

Kesho yake alfajiri nikasikia kikohozi nje ya jiko langu. Nikajibanza nyuma ya mlango. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye ukungu, amenipa mgongo, anazungumza na mgomba.

"Wewe mgomba," alisema taratibu, "mwambie aliyemo jikoni kwamba ndugu zako watatu pale kwenye chemba wamenenepa fijo, sana kabisa, tangu mwaka jana, nami nikawa nashangaa wanakula nini. Angeuliza, ningemwambia. Mwambie heshima yake niliiona siku ile alipoipita chemba, ndaga, asante. Lakini bomba si baba mkwe wake. Angetuma neno kwa mama mkwe wake tu, ningetoka shambani mpaka jioni. Mila ina mlango, na yeye hakuutafuta."

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka jani hadi jani.

"Heshima si utumwa," akamalizia, "wala si kichaka cha kujifichia. Mwambie alete kioo chake."

Nililia kwa aibu, kwa sababu alisema kweli. Heshima ile niliivaa kama koti la mvua, nisilowe.

Siku hiyohiyo tukafunua chemba. Mwanga ulikuja nusu. Maungio yalikuwa yamefunguka, mizizi ya migomba imeingia ndani kunywa, na uchafu ulikuwa unateremka polepole kwenye chemchemi yetu. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeikata ile migomba mitatu, akiwa ameelekea kule, nami nikichimba nikiwa nimeelekea huku. Jioni nikarudi ofisini, nikafuta "zima", nikaandika "bovu, na mara ya kwanza sikulikagua," nikatia sahihi. Mkubwa wangu alifoka mpaka nje wakasikia. Nilimwacha afoke.

Tusekile alipona. Leo ana watoto wake, na bado hunitania kwamba mke huyu wa mjomba wake alimnywesha vya chooni.

Uso wa baba mkwe niliuona mara moja tu, siku ya kumuaga, kabla jeneza halijafunikwa. Ulikuwa uso wa mtu mcheshi, na miaka yote ile sikujua. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Siku hizi natazama mwenyewe, baba."

Mwanangu, mficha uchi hazai. Usiandike "zima" mahali ambapo jicho lako halijafika, hata kama kinachokuzuia ni kitu chema, maana mara nyingi huwa chema kweli: adabu, haya, mapenzi. Tafuta mlango. Muulize mwenye shamba, yeye huona migomba inanenepa kabla yako. Na ukikosea, kafute kwa mkono uleule ulioandika, ungali na wa kumponya.

Mungu akujalie macho yasiyoogopa kutazama shimoni. Akupe mzee wa kukukemea hata akiwa amekupa mgongo. Na chemchemi mtakayochota wewe na wanao isikauke, wala isichafuke kwa mkono wako.