Siku Paneli Zangu Ziliposuguliwa kwa Majivu

Wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti juu ya paa la basi langu. Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi. Walikuwa wakisugua paneli zangu za sola kwa majivu na ile waya ya kusugulia sufuria.

Niliganda langoni. Nilikuwa nimetoka Nakuru mjini kuchukua kibao cha jina la basi, na kikaniponyoka mkononi.

Paneli zile hazikuwa za mchezo. Diploma yangu ya umeme niliisomea nikiosha vyombo hotelini, bila msaada wa mtu, kisha nikafanya kazi Ghuba miaka sita nikifunga sola kwenye majumba makubwa. Niliporudi nilinunua basi kuukuu la shule, nikang'oa viti na kufunga mashine ya kuangulia vifaranga. Paa la basi limepinda, kwa hiyo nilibandika paneli nyembamba zinazokunjika kidogo. Hapa Elburgon sikumjua mwingine ambaye angeweza kazi hiyo. Wiki hiyo mti ulikuwa umeangukia nyaya, kijiji kizima hakina stima, na basi langu linawaka taa.

Ndani mlikuwa na mayai mia mbili na arobaini ya chama cha mama na wenzake. Yalikuwa katika siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili vifaranga vitoke, na mchana huo mchungaji alikuwa anakuja kuliombea basi. Kwetu gari haliombewi likiwa chafu.

"Karibu, injinia," mama aliniita kutoka juu. "Kuja uone. Vitu vyako vilikuwa vimejaa vumbi, saa hii unaweza kujiona uso."

"Mama, mmekanyaga hizo?"

"Tumepiga magoti tu. Ama ulitaka tuelee?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Si wewe ulituambia hata ng'ombe akitembea juu haziharibiki? Miaka ishirini na tano, ulisema. Tukaona magoti ya mama mzee ni nini."

Nilikuwa nimesema. Nilisema mbele ya chama kizima, nimeshika kikombe cha chai, kwa sauti ya mtu aliyetoka ng'ambo. Ng'ombe nilimwongeza mwenyewe.

Nilipanda ngazi iliyochomelewa nyuma ya basi. Uso wa paneli ulikuwa mweupe kwa mikwaruzo, kama kioo kilichopigwa msasa. Chini yake, kila palipowekwa goti, palikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Nikashuka kupima. Jua lilikuwa la saa sita, wala hapakuwa na wingu, lakini umeme ulioingia haukufika hata robo ya ule wa jana. Betri ilikuwa ikishuka huku naitazama. Nilikaa sakafuni. Sikuweza hata kukasirika.

Mama aliingia, akanitazama, akaitazama mashine. "Mayai yatakufa?"

"Betri ikiisha, yatapoa."

Hakuomba msamaha, na sikumdai. Alitoka akawaambia wenzake walete chupa za plastiki, blanketi na sufuria zote. "Wewe nilikulea kwa baridi hii kabla ya hizo diploma," aliniambia. "Shika kipimajoto. Hiyo ndiyo kazi yako."

Mchungaji alipofika alitukuta tumejaza chupa maji moto na kuzipanga pembeni mwa mayai, zimefunikwa blanketi. Mimi nilisoma joto kila baada ya dakika chache. Wao walichemsha na kubadilisha. Akaomba kwa kifupi, akavua koti, akaenda kupasua kuni.

Siku ya pili yake, jioni, mikono yangu ikinuka moshi, nilisikia mdomo mdogo ukigonga ndani ya ganda. Kisha mwingine. Asubuhi ya tatu tulihesabu vifaranga mia na hamsini na kitu.

"Hivi ni vya diploma ama vya sufuria?" mama aliuliza, kimoja kikiwa kiganjani mwake.

Nilimwambia joto halikutoka kwenye kiwango hata mara moja, na huo ni ukweli. Akanikabidhi kile kifaranga, akaenda kuosha sufuria. Nilipoisikia ile waya ikikwaruza, nilishtuka upya, nikaenda nyuma ya basi na msumeno wa chuma, nikaikata ngazi.